Baridi ya Isimila

Msomaji, mtu aliyekulia Uyole hatishwi na baridi. Lakini ile ya Julai 2019 ilikuwa nyingine. Mjomba alinichukua Mbeya kwenye lori lake, niwe utingo, nijifunze kazi yenye kula. Kuandika, kwake yeye, ni mchezo wa shule.

Makambako upepo ukatukamata. Tulilala kwenye kichwa cha lori, yeye kitanda cha nyuma, mimi kwenye viti, nimejifunika turubai linalonuka dizeli. “Miaka yote barabara hii, baridi hii sijaiona,” alinung'unika.

Asubuhi, kilomita kama 20 kabla ya Iringa, nikamwomba tusimame Isimila. Ukiziona pichani nguzo zile za mchanga, ndefu, kavu, ungedhani ni jangwa la joto. Kumbe ukungu ulikuwa umelala korongoni, na meno yetu yanagongana. Nguzo hazikuchongwa na mtu. Ni maji tu, punje kwa punje. Mashoka ya mawe ndiyo ya mikono ya watu, waliokaa hapa palipokuwa na ziwa. Wataalamu waliyafukua mwaka 1957 na 1958.

Mjomba akayatazama sana.

“Huyu alikuwa fundi,” akasema. “Alilipwa na nani?”

Sikuwa na jibu.

Mjini Iringa, tukishusha mzigo, mtu akamuuliza kama mimi ndiye utingo mpya.

“Mpwa wangu. Anaandika,” akasema, kisha akanitwisha gunia la pili.