Kombe la Elgon Nyumbani Mwangu

Kwetu Kitale, mawingu yakiondoka tunauona Mlima Elgon. Upande huu ni Kenya, upande wa pili ni Uganda. Mimi niliolewa huku, naye dada yangu mkubwa akaolewa Mbale. Hivyo wana wetu wamekua pande mbili za mlima mmoja, na likija suala la raga hawapatani hata kidogo.

Tangu mwaka 2004, timu za taifa za Kenya na Uganda zimekuwa zikishindania Kombe la Elgon, lililopewa jina la mlima huo. Desturi yake ni kucheza mara mbili, mara moja katika kila nchi. Wanawake nao wana kombe lao la jina hilohilo. Uganda hujivunia ubingwa wa Afrika wa mwaka 2007. Kenya hujibu kwa ule wa 2011 na wa 2013. Hayo nimeyajua kwa sababu mwanangu na mwana wa dada yangu huyabishania kila likizo mpaka chai inapoa mezani.

Likizo moja waliwakusanya vijana wenzao, wakajigawa, hawa Kenya na hawa Uganda, wakaenda uwanjani. Jioni mwanangu alirudi kimya. Nilipomwuliza, alisema amechoka tu, akaenda kulala bila kula. Mimi nilikuwa nakimbilia kikao cha akina mama kanisani, nikaridhika na jibu hilo. Naam, mimi muuguzi wa miaka zaidi ya ishirini!

Niliporudi, mwana wa dada yangu alinifuata jikoni.

"Mama mdogo, usimwambie kwamba nimesema. Aligongwa kichwani, akalala chini kidogo, kisha akainuka akaendelea kucheza. Tukiwa njiani aliniuliza mara tatu nani ameshinda."

"Mbona hakutoka uwanjani?"

"Alisema Uganda haitamwona akitoka."

Miguu iliniishia nguvu. Nilimwamsha, naye akatapika palepale. Usiku ule ule tulimpeleka hospitali. Daktari alisema ubongo umetikisika, akatuweka hadi asubuhi chini ya uangalizi. Tunashukuru, alipona, lakini ilimchukua majuma kadhaa kabla ya kuruhusiwa kukimbia tena.

Mama mwenzangu, usisubiri mtoto azimie. Akigongwa kichwa kisha akalalamika kichwa kinauma, akaona kizunguzungu, akasahau mambo au akawa mzito kujibu, atoke uwanjani, wala asirudi siku hiyo. Kanuni za raga zenyewe zinaagiza hivyo kwa vijana. Akipigwa tena kabla hajapona, ubongo unaweza kuvimba na kuhatarisha maisha yake. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa au kupata degedege, mkimbize hospitali mara moja.

Mwanangu alipojua nani aliyemsema, alimwita msaliti, akanuna siku mbili. Niliwaketisha wote wawili. Niliwaambia kwamba hata timu za taifa, zikiisha kuumizana kwa dakika 80, wachezaji hupeana mikono. Nikamwambia mwanangu kuwa siku ile, kati ya vijana 30 uwanjani, aliyemjali ni yule aliyevaa jezi ya wapinzani. Aliinama, kisha akamwuliza ndugu yake, "Kwani nani alishinda?"

"Hatukumaliza kuhesabu," akajibiwa.

Mpaka leo wanabishana, nami siwakatazi. Ushindani umewafundisha kuamka mapema na kujituma. Ila jambo moja nimelibadilisha nyumbani mwangu: mtoto akitoka mchezoni, simwulizi kwanza nani ameshinda. Namwangalia machoni, namwuliza nani ameumia, na nangoja jibu hata kama nimechelewa kikao.