Picha Chumbani kwa Mama

Jumanne, 6 Agosti

Nampa uji, mama kanishika mkono. "Jana mlikuwa mnacheka nini?" Nikamweleza. Akasema, "Mimi vicheko navisikia, kinachochekesha sikijui."

Imenichoma. Ukuta mmoja tu! Na mguu ule wa mama haubebeki mpaka kwenye kochi, hata tuwe wanne. Deki nayo nikiihamishia kwake, wageni wataenea wapi? Keshokutwa Nane Nane, wanakuja wa Kasulu, wanakuja wa Mabamba, na wote hamu yao ni ile CD ya jubilei.

Kaka anasema mama ataiona siku nyingine, kwa nafasi yake. Peke yake? Sikubali.

Usiku

Runinga ya chogo tumeitoa stoo, inawaka. Mdogo wangu kauunga waya wa njano, ukawa na vichwa viwili: kimoja sebuleni, kimoja kwa mama. Picha imetokea kote, na kote imefifia. Nyuso hazitambuliki. Naingia kulala, roho haijatulia.

Jumatano, 7 Agosti

Bodaboda mpaka Kibondo mjini. Vumbi la Agosti, nimerudi mwekundu.

Fundi ni kijana, mpole. "Dada, tundu lile la deki linatosha runinga moja. Ukifunga mbili zinagawana, ndiyo maana picha inakosa mwanga." Dawa yake ni modyuleta, kiboksi kidogo tu. Inapokea picha na sauti ya deki, inavigeuza kuwa chaneli. Kutoka hapo ni waya wa antena, ule mnene wa omu 75, hadi kwenye splita, na kila chumba kinavuta wake. Kila runinga inaisachi chaneli ileile, basi.

Nikauliza na runinga ya jikoni je? Maana shangazi zangu ndiko watakakokuwa siku nzima. Akasema splita ya njia tatu.

Pesa ya maharage imekwenda. Na iende.

Jioni

Fundi kaja nyumbani. Runinga ya sebuleni ilisachi weee, patupu. Kumbe ilikuwa upande wa dijitali. Fundi kaigeuza analogi, chaneli 36 ikadaka. Safi!

Kwa mama: chenga tupu. Moyo ukanidunda. Fundi akafungua plagi, akaileta karibu na taa, akaniita nione. Unywele mmoja wa ule wavu wa nje, mwembamba kama uzi wa buibui, umeugusa waya wa katikati. Akaukata kwa wembe, akakaza. Picha ikasimama.

Mama hakusema neno. Ameomba mto wa pili.

Alhamisi, 8 Agosti

Nyumba imejaa! Viatu mpaka uani. Ugali wa muhogo, migebuka, maharage. Umeme haujakatika, namshukuru Mungu.

Rimoti iko sebuleni, lakini mwenye amri alikuwa mama. "Rudisha hapo!" Kaka anarudisha, na vyumba vyote vitatu vinarudi. "Simamisha! Yule si mtoto wa Mabamba?" Shangazi akamjibu toka jikoni, mwiko mkononi, "Ndiye, wifi, angalia meno!" Wanaongea kupitia kuta, kila mmoja na runinga yake, kitu kimoja.

Baba alipotokea kwenye picha, na kanzu ile nyeupe, akaanza kutoa nasaha, vyumba vyote vikanyamaza kwa pamoja. Nikakimbilia chumbani kwa mama. Nilidhani nitamkuta analia. Baba alipokosea jina la mkwe, mama ndiye aliyeanza kucheka, na sebule ikafuata.

Ametangulia kucheka. Mama.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimechoka, furaha haijaisha. Picha ya jikoni ilikuwa na chenga kidogo, waya wake ndio mrefu kuliko yote. Fundi anasema waya ukirefuka na njia zikiongezeka, nguvu inapungua. Itabidi busta siku moja. Haina haraka.

Kaka kalalamika: wote lazima mwangalie kitu kimoja, huwezi huku mpira kule filamu. Kwangu hilo ndilo nililolitaka.

Shangazi wa Kasulu kabla ya kupanda gari kaniuliza anunue runinga gani kwa ajili ya babu, naye hatoki kitandani. Nimemwambia: shangazi, hata ya chogo itafaa, tafuta waya na fundi mzuri. Babu aone saa ileile mnayoona nyinyi. Asisimuliwe.