Sauti Isiyonyooshwa

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huisoma methali hii kwa upande mmoja tu, kwamba mgeni ndiye mwenye dawa na mwenyeji ndiye mgonjwa. Fundi huyu wa kunasa sauti naye aliisoma hivyo kwa miaka mingi, hadi siku alipofika Nyabibuye, katika nyanda za juu za Kigoma, si mbali na mpaka wa Burundi. Huko ndiko alikojua kwamba mgeni naye huweza kuja na maradhi, na mwenyeji ndiye akamganga.

Fundi ni mtoto wa Unguja. Alikulia Mji Mkongwe, dirisha la chumba chao likitazamana na nyumba ambamo taarabu ilifanyiwa mazoezi kila jioni, na kabla hajajua kusoma alikwisha jua kutofautisha sauti ya udi na ya ganuni. Alipokuwa mtu mzima hakuajiriwa na redio wala na studio yoyote. Alichagua kujitegemea. Studio yake ni sanduku moja la bati, na ndani yake mna kompyuta ya mkononi, maikrofoni nne, hedfoni mbili, nyaya zilizofungwa kwa vitambaa na betri ya kuchajiwa kwa nguvu za jua. Wateja wake ni kwaya, vikundi vya ngoma na bendi ndogo zisizo na mfadhili. Hulipwa kwa wimbo: nusu kabla, nusu baada. Wimbo usipopendwa, nusu ya pili huwa ni ndoto.

Kazi hii ya kumfuata mwimbaji alipo haikuwa ya kawaida sana katika historia ya sauti zetu, kwani zamani mara nyingi mwimbaji ndiye aliyeifuata mitambo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay ili waimbe mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, na nyimbo zao zikapimwa kwa urefu wa santuri, ambayo upande wake mmoja ulibeba dakika tatu na ushei. Ubeti uliozidi hapo ulibaki kinywani. Baadaye ikaja Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa miongo kadhaa bendi za muziki wa dansi zilikwenda studioni humo, zikapiga wimbo mzima kwa pamoja. Mpiga tarumbeta akikosea, wote walianza upya. Hapakuwa na namna ya kumrekebisha mtu baada ya kuimba, basi kosa ama liliimbwa tena, ama liliachwa likazeeka pamoja na wimbo. Leo kompyuta imeitia studio nzima ndani ya sanduku, na pamoja na studio imetia uwezo ambao mafundi wa zamani hawakuwa nao: uwezo wa kumbadilisha mwimbaji ilhali mwimbaji amelala.

Safari ya Nyabibuye si fupi. Kutoka Kigoma mjini fundi alipanda basi, akapita Kasulu, akapita Kibondo, akashuka Kakonko, makao ya wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Kutoka hapo sanduku lilifungwa nyuma ya bodaboda kwa mipira, naye akapanda ya pili, macho yasitoke kwenye sanduku. Vilima vilipokezana, huku mashamba ya mihogo, kule migomba, na ukungu wa asubuhi ukikaa mabondeni kama maziwa ndani ya kibuyu. Neno la kwanza alilojifunza lilikuwa la salamu, Mwakeye, na kila alipolitamka watoto walicheka. Alidhani wanafurahia ugeni wake. Hakujiuliza kama alilipandisha pale lilipotakiwa kushuka.

Kikundi kilichomwita kilikuwa cha akina mama wapatao kumi na wawili, pamoja na wanaume wanne wa kupiga ngoma. Fedha walizichanga kwa jasho. Msimu mzima walilima vibarua katika mashamba ya wengine, wakauza maharage, na kila shilingi ikaandikwa katika daftari la mhasibu. Walitaka nyimbo sita, na walizitaka kwa Kiha. Kiongozi wa waimbaji alikuwa bibi mmoja aliyejua nyimbo za arusi ambazo mabinti wa kikundi walizijua nusu nusu. Kwa hakika nyimbo hizo ndizo zilizokuwa sababu ya kumwita fundi. Walihofu kwamba bibi akiondoka, nusu ile nyingine itaondoka naye.

Walimpa darasa moja la shule, siku ya Jumamosi. Paa lilikuwa la bati, na mwezi ulikuwa wa Novemba, mvua zimekwisha anza. Kila fundi anajua kuwa bati na mvua vikikutana, hakuna maikrofoni itakayosikia kitu kingine. Alitundika mablanketi madirishani, akasimamisha magodoro matatu ukutani ili sauti isirudi, akaisogeza ngoma kubwa hadi mlangoni ili isizimeze sauti za watu, na maikrofoni iliyo bora akaiweka mbele ya bibi, shubiri mbili kutoka kinywani. Mvua iliwahurumia. Kufikia magharibi nyimbo zote sita zilikuwa zimenaswa.

Usiku, katika nyumba aliyokaribishwa, fundi alivaa hedfoni akaanza kazi yake ya pili. Katika kioo cha kompyuta sauti ya bibi ilionekana kama uzi uliochorwa, ukipanda na kushuka, na mara nyingi ukipita kati ya mistari badala ya kutua juu ya mstari. Kila mstari ni sauti moja ya kinanda. Kwa jicho la programu, uzi unaopita katikati ni kosa. Programu mashuhuri ya kazi hii, Auto-Tune, ilitolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mtu ambaye kabla ya hapo alitumia hesabu zake kuchambua mawimbi yanayopita ardhini, ili wachimbaji wajue mafuta yaliko. Tangu hapo vizazi viwili vya wasikilizaji, wapenzi wa Bongo Fleva wakiwamo, vimezoea sauti zilizonyooshwa, hata isiyonyooshwa ikasikika kama nguo isiyopigwa pasi. Fundi alijua kuwa redio hupenda nguo iliyopigwa pasi. Alitaka akina mama wale wapate thamani ya jasho lao. Basi akaunyoosha uzi wa bibi, wimbo baada ya wimbo. Nafasi katika kompyuta ilipopungua, alifuta sauti mbichi za wimbo wa kwanza, ule wa mama anayemuaga bintiye, akaendelea.

Asubuhi walikusanyika kusikiliza. Mabinti walishangilia kujisikia. Wanaume waliisikia ngoma yao wakatabasamu. Kisha ikaingia sauti ya bibi, nyoofu, safi, inayong'aa. Kwenye ubeti wa pili wazee wawili walitazamana, na kijana mmoja akaangua kicheko, halafu akakiziba kwa kiganja. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Ndipo akamwita fundi mwanangu, akamwambia kwa upole kwamba sauti ile ni yake, lakini maneno si yake.

Ilichukua muda fundi kuelewa. Kiswahili chake hakikumwandaa. Katika Kiswahili mtu anaweza kuliimba neno juu au chini, na neno likabaki lile lile. Kiha si hivyo. Ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, kama irabu zilivyo. Ndugu yake Kirundi hali kadhalika: neno umuryango laweza kuwa mlango, na laweza kuwa ukoo, na anayesikia huvitofautisha kwa sikio wala si kwa herufi. Mwimbaji hodari wa lugha kama hizi huutunga wimbo wake akiwa amezikumbuka sauti za maneno. Bibi alipopita kati ya mistari hakuwa amepotea njia. Mteremko mdogo ambao programu iliusawazisha ulikuwa umebeba maana, na uliposawazishwa, mama aliyemuaga bintiye alisikika akisema jambo la kuchekesha.

Mzee mmoja wa kikundi akamkumbusha habari za inanga, ala ya nyuzi inayojulikana kotekote katika nchi za Maziwa Makuu. Katika Burundi uko mtindo ambao mpigaji haimbi, bali hunong'ona. Mnong'ono hauna mwinuko wala mteremko, ni pumzi tu. Hata hivyo msikilizaji huyasikia maneno kana kwamba yanaimbwa, kwa sababu nyuzi za inanga humkamilishia sauti ambayo pumzi haikuweza kuibeba. Mkono na kinywa hulisema neno moja kwa pamoja. Ukizinyoosha nyuzi zile ziende unakotaka wewe, mnong'ono hubaki bila mwenzake.

Usiku ule fundi hakulala vizuri. Jambo lililomsumbua si kwamba hakukijua Kiha, kwani hakuna aijuaye kila lugha. Lililomsumbua ni kwamba somo hili alikuwa analijua tangu utotoni. Katika taarabu asilia zimo sauti zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda. Mwenye ganuni huvigeuza vyuma vidogo vilivyo kando ya nyuzi ili azipate sauti za rast na bayati, na kinanda cha kawaida kilipoingia katika vikundi, wazee wa dirisha lile walilalamika kwamba nyimbo zimekatwa vidole. Fundi mwenyewe amewahi kubishana na vijana wa mjini juu ya jambo hilo, akiwa upande wa wazee. Lakini alipofika bara, mbele ya wimbo usio wake, alisahau kwamba pengine nako kuna ganuni. Aliwatendea wengine lile ambalo kwao aliliita dhuluma.

Nyimbo tano ziliokolewa, maana sauti zake mbichi zilikuwepo. Wimbo wa kumuaga binti haukuwa na mbichi. Bibi alikubali kuuimba tena, lakini koo lilikuwa limekauka kwa kazi ya jana, na alipofika ubeti wa tatu sauti ilikatika. Hakulaumu. Alisema atakunywa maji ya moto na kulala. Betri nayo ilikuwa ukingoni, na mawingu yalilifunika jua la kuichaji. Fundi aliirudisha nusu ya malipo ya wimbo ule mikononi mwa mhasibu, akaomba iandikwe katika daftari, akaahidi kurudi kwa nauli yake. Wapo waliomwamini, na wapo waliotazama chini. Walikwisha ona wageni wengi wakiahidi kurudi.

Wiki tatu hazikuisha akarudi. Safari hii hakuomba darasa. Aliomba kukaa uani kwa bibi, penye paa la nyasi, na kabla ya kuwasha chochote alimwomba amsomee maneno ya wimbo pasi na kuimba, mstari kwa mstari, naye akinasa. Kisha akamwomba aimbe. Alipolinganisha nyuzi mbili zile katika kioo, ule wa kusema na ule wa kuimba, aliona zikipanda na kushuka bega kwa bega katika sehemu nyingi, kama mtu na kivuli chake. Alifunga programu ya kunyoosha, na katika kazi ya kikundi kile hakuifungua tena.

Bibi aliimba mara moja tu. Alipokaribia beti za mwisho mvua ikaanza, kwanza matone juu ya majani ya migomba, kisha mvua kamili. Fundi aliinua mkono ili amsimamishe, akaushusha. Waliposikiliza, aliomba radhi kwa kelele ile, akasema anaweza kuipunguza kidogo. Bibi akauliza kwani mvua ina kosa gani. Ilinyesha siku hiyo, naye aliimba siku hiyo, basi ikae.

Nyimbo zilikwenda redioni. Mtangazaji wa kituo kimoja alizipenda ngoma, akashauri sauti ya mwanamama yule inyooshwe kabla haijarushwa hewani. Fundi alimjibu kwamba hilo si lake kuamua, akawapelekea wenyewe swali. Jibu lilirudi siku ile ile, nalo lilikuwa la neno moja. Kituo hakikuurusha wimbo. Ulisafiri kwa njia nyingine, kutoka simu hadi simu, kutoka kibanda kimoja cha kuingiza nyimbo hadi kingine, na baada ya miezi michache mteja wa Kasulu alimpigia fundi akitaka kurekodiwa kama ulivyorekodiwa wimbo wenye mvua.

Siku hizi, kabla hajafungua sanduku lake mahali popote, fundi huyu hutoa masharti mawili bila kuulizwa: hakuna sauti itakayofutwa kabla wenyewe hawajasikiliza, na mzee mmoja anayeijua lugha ataketi kando yake wakati wa kuchanganya sauti. Masharti hayo humchelewesha, na mara nyingine humkosesha kazi. Ile nusu ya malipo ya wimbo wa kumuaga binti hakuichukua tena. Kikundi kilimpa debe la maharage badala yake, naye akalifunga nyuma ya bodaboda pamoja na sanduku, akateremka nalo hadi Kakonko.