Gawa Sawa, Lakini Usinikawize

Wasee, leo tuongee foleni. Si ya benki, ni ile iko ndani ya kompyuta yako.

Mimi huhariri video hapa Garissa kwa kompyuta moja ya mtumba inayotumia Linux. Nikianza kurenda, yaani ile hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande viwe video moja, prosesa inashikwa saa nzima. Saa hiyo hiyo mdogo wangu anataka kujaza fomu ya chuo inayofungwa usiku wa manane. Mteja wangu hulipa video ikifika kwa wakati. Mdogo wangu fomu ikimpita, mwaka umeenda. Sasa nani apewe prosesa?

Wengi watasema gawa sawa, yaishe. Haiishi hivyo.

Fikiria kisima wakati wa kiangazi. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Mama naye amekuja na mtungi mmoja wa lita 20. Ukigawa zamu kwa kila kichwa, mwenye ngamia 40 anapata zamu 40, mama anapata moja. Kwa hesabu ni haki. Lakini mama atalala hapo, na nyumbani watoto hawajapikiwa.

Linux imepitia ubishi huu. Mwaka 2007, toleo 2.6.23 lilikuja na CFS ya Ingo Molnár. Wazo lake ni rahisi: kila kazi ipate muda sawa, na aliyetumia muda mdogo zaidi ndiye anafuata. Con Kolivas, daktari wa nusukaputi kutoka Australia, alikuwa na mpango wake uliojali watumiaji wa kompyuta za kawaida. Ukaachwa, akajitoa. Mwaka 2009 akarudi na BFS, iliyolenga mashine ndogo kama hii yangu.

Shida ya CFS ilikuwa ile ya ngamia. Programu ya kurenda ikijigawa mara nane, kila kipande kinahesabiwa kivyake, na fomu ya mdogo wangu inabaki mtu mmoja kati ya tisa. Mwaka 2011, kwenye toleo 2.6.38, Mike Galbraith akaleta njia ya kupanga kazi kwa vikundi: zilizoanzishwa kutoka dirisha moja la amri zinahesabiwa pamoja. Yaani zamu ni ya mwenye mifugo, si ya kila ngamia.

Halafu 2023, toleo 6.6, ikaja EEVDF. Hapa kila kazi ina tarehe yake ya mwisho ya kuhudumiwa. Anayeomba kipande kifupi cha muda hufikiwa mapema, lakini mgao wake kwa jumla hauongezeki. Mama anajaza mtungi wake mapema, ila haguswi hata lita moja ya ngamia.

Hiyo ndiyo haki mimi naielewa. Kuna wale wanataka dirisha lililo mbele lipewe kila kitu ndiyo kompyuta ionekane kali. Walahi hapana. Mtu akifungua tabo 30 za kupiga soga, video yangu isimame? Mteja naye anangoja, tena kwa pesa yake. Kuhudumiwa haraka ni kitu kimoja, kupewa zaidi ni kitu kingine. Fomu inahitaji prosesa kidogo sana, lakini inaihitaji sasa. Video inahitaji nyingi, lakini ikichelewa dakika tano hakuna anayeumia.

Kwa hivyo kama una mashine ya mtumba yenye Linux, andika uname -r uone toleo lako. Likiwa chini ya 6.6, fikiria kusasisha kabla hujaambiwa ununue kompyuta mpya. Pesa hatuna, lakini foleni tunaweza kupanga.

Na nyinyi huko kwenu, kwa kompyuta ama kwa kisima, nani hupishwa kwanza? Niambieni.