Usukani Mwepesi, Roho Juu

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya simu, na wapo wanaogombana kwa sababu ya mpira. Mimi na baba Neema, mwanzoni mwa mwaka 2023, tulikaa wiki tatu hatuelewani kwa ajili ya kiboksi cha bati kinachotosha kiganjani, kile kinachojificha chini ya dashibodi. Usicheke. Kama unaendesha gari dogo la Kijapani, na wengi wetu ndiyo tunayomudu, kiboksi hicho na wewe unacho. Ndicho kinachoamua kila siku uisikie barabara kiasi gani.

Nieleze kidogo. Magari ya zamani yenye pawa stelingi yalitumia pampu ya haidroliki inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu ile inakula nguvu ya injini hata pale unapokwenda moja kwa moja hujagusa kona. Wajapani wakatafuta njia nyingine, na mwaka 1988 Suzuki wakatoa kigari kinachoitwa Cervo, ambacho usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme. Mota inafanya kazi pale tu unapogeuza. Petroli inapungua, mkanda hakuna, mipira ya kuvuja hakuna. Leo magari mengi madogo yanayoshuka bandarini Dar yana mfumo huo.

Unavyofanya kazi wala si uchawi. Kwenye mhimili wa usukani kuna ufito mwembamba wa chuma unaojipinda kidogo sana ukigeuza. Sensa inapima umejipinda kiasi gani na kupeleka habari kwenye kiboksi. Kiboksi kinaangalia spidi ya gari, kisha kinaiambia mota isukume kiasi gani. Ukiwa unapaki inasukuma sana, ukiwa spidi kubwa inapunguza. Sasa kiasi gani kwa spidi gani, hayo yameandikwa kwenye programu na injinia ambaye hajawahi kuiona Kitonga.

Raha yake naijua, sitaki kuwa mnafiki. Kupaki Kariakoo Jumamosi kwa kidole kimoja, kucha mpya hazijaguswa, ni jambo la kumshukuru Mungu. Tatizo linaanza barabara inaponyooka. Kwenye usukani wa haidroliki, mtetemo wa tairi unapanda hadi viganjani. Kwenye wa umeme, mota na gia zake zina msuguano wao, halafu programu yenyewe inachuja mitetemo ili mteja asisumbuke. Inachuja makokoto, sawa, lakini inachuja na habari. Na wala si kilio cha sisi wa magari ya mtumba tu. Porsche walipoiwekea 911 usukani wa umeme mwaka 2011, wapenzi wa gari hilo walilalamika kwamba halizungumzi nao kama zamani. Watu wana pesa zote hizo na bado wanalia kilio chetu!

Desemba 2022 tulikuwa tunakwenda kwa mama mkwe, Iringa. Kutoka Dar ni kama kilomita 500, na kwa kawaida tunagawana: yeye mpaka Mikumi, mimi kutoka pale. Tumepita Ruaha Mbuyuni mvua ikashuka. Anayeijua barabara ile anajua malori ya Tunduma yameibonyeza lami mpaka imeweka mifereji miwili, na mvua ikinyesha mifereji inakuwa mito. Mimi nakwenda taratibu tu, Neema amelala nyuma, mara gari likahama. Halikuyumba sana, ni kama hatua moja kulia, kulekule semi inakotokea. Likarudi lenyewe, semi ikapita, tukaendelea. Nilikuja kugundua kwamba nimeacha kupumua tulipofika chini ya Kitonga.

Tairi ikipanda juu ya maji, usukani hulegea ghafla. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza dereva anayoipata mikononi, kabla macho hayajaona kitu. Lakini kama usukani wako umelegea muda wote, utajuaje kwamba sasa umelegea zaidi?

Tuliporudi Dar, baba Neema akaanza. Kila nikiamka namkuta yupo na simu, anaangalia kiboksi cha usukani kutoka toleo la michezo la gari letu lilelile. Amesoma kwamba mule ndani hesabu ni tofauti: mota inasaidia kidogo zaidi ukiwa spidi kubwa, na usukani unarudi katikati kwa nguvu zaidi. Akaniambia na habari za Uingereza, ambako watu wanachukua mhimili wenye mota wa Vauxhall Corsa, wanaufunga kwenye magari ya kale, halafu wanaweka kitufe cha kuzungusha kama redio, dereva anachagua mwenyewe uzito anaoutaka. Nikamwambia vizuri sana, sasa wewe chagua kati ya kitufe na ada ya Januari.

Hapo ndipo tulipogombana. Msimamo wangu ulikuwa mmoja, na bado ninao: huwezi kununua kompyuta ya kusikia barabara kabla hujaangalia kile kinachoigusa barabara. Barabara inaguswa na tairi nne. Twende tukaziangalie kwanza.

Tukaziangalia. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukikuta 2314, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kesho asubuhi toka ukaangalie ya kwako, usisubiri mumeo. Sisi mbele tulikuwa na 3517 upande mmoja na 0811 upande mwingine, tairi mbili zilizopishana miaka sita na ushee, zimefungwa pamoja kama mapacha. Upepo nao ulikuwa 40, maana vijana wa upepo wa mjini mkono wao ndio huo, wakati karatasi ya mlangoni inasema 32. Tairi lililojazwa kupita kiasi linagusa lami kidogo, linadundadunda, na halishiki vizuri. Bushi mbili za mbele zilikuwa zimekwisha, na tairodi moja ilikuwa na mchezo. Tukanunua tairi mpya mbili, tukabadilisha bushi na tairodi, tukafanya alaimenti. Kwa kweli gari lilibadilika, kiasi cha nusu ya malalamiko yetu kuondoka. Nikadhani na kiboksi kimesahaulika.

Hakijasahaulika. Usiku mmoja, umeme umekatika, tumekaa barazani, akaniambia maneno ambayo sikuyategemea kwa mtu aliyekuwa ananisomea bei za spea. “Mama Neema, siku ile pale Ruaha wewe ulikuwa na usukani. Hata kama haukukwambia kitu, ulikuwa nao. Mimi nilikuwa nimekaa na mkate kwenye mapaja. Nimeiona ile semi, nimemuona mtoto kwenye kioo, na mikono yangu haina cha kushika.” Akanyamaza. Halafu akasema, “Nataka ukiwa unaendesha wewe, gari ikwambie mapema. Hata nusu sekunde.”

Jamani! Wiki tatu tunazungumzia laki na nusu, kumbe mwenzangu anazungumzia nusu sekunde. Wanaume wetu wana tabia hii ya kuogopa kwa njia ya spea. Hawezi kusema ameogopa, atakwambia shokapu zimechoka. Ada ililipwa kwanza, lakini Machi tulikwenda Ilala pamoja.

Fundi umeme wetu ni kijana mtaratibu, mwenye maneno machache, na mimi mafundi wa aina hiyo nawapenda. Kabla ya yote alipima betri. Mota ya usukani inaweza kuvuta ampea 50 na zaidi ukigeuza gari likiwa limesimama, kwa hiyo betri iliyochoka inaweza kukuwashia taa ya EPS kwenye dashibodi wakati boksi ni zima kabisa. “Dada, wengi wanauziwa boksi, ugonjwa ulikuwa betri,” alisema. Kisha akalinganisha namba za kwenye lebo na soketi moja baada ya nyingine. Boksi lazima litoke kwenye gari la aina na kizazi kilekile. La gari jingine, hata kama soketi zinaingia, lina hesabu za uzito mwingine na tairi nyingine. Ukikutana na fundi anayekwambia yote ni mamoja tu, omba ufunguo wako uondoke.

Akachomoa waya wa betri, akasubiri dakika mbili hivi bila kugusa chochote karibu na usukani, maana eabegi hubaki na chaji. Kufunga kwenyewe hakukuchukua saa moja. Kilichochukua muda ni kuifundisha sensa. Gari linawekwa kwenye sakafu tambarare, tairi zimenyooka, mtu yeyote asishike usukani, halafu mashine ya kusomea kompyuta ya gari inaiambia sensa kwamba hapa ndipo sifuri. Hatua hii ikirukwa gari linaweza kuvuta upande mmoja lenyewe, kama mtu anakunyang’anya usukani. Nilimuuliza fundi lile linalomkosesha mama yeyote usingizi: je, boksi likifa njiani? Akanijibu kwamba usukani bado umeunganishwa na tairi kwa chuma. Utakuwa mzito wa kukutoa jasho, lakini utageuka. Kampuni yetu ya bima niliitaarifu kwa maandishi wiki hiyohiyo, maana siku ya ajali si siku ya kuanza kuelezana nini kilibadilishwa.

Tulilijaribu barabara ya Bagamoyo, asubuhi ya Jumapili kabla ya magari kujaa. Tusidanganyane, halikugeuka Porsche. Lakini nilipofika spidi 80 nilisikia katikati ni wapi. Ukiuacha usukani baada ya kona unarudi nyumbani wenyewe. Palipo na kiraka cha lami, kiganja cha kushoto kinajua kwamba ni tairi la kushoto. Chini ya Bunju kulikuwa na maji ya mvua ya usiku, na kabla sijayaona vizuri mikono ilishajua kuna kitu kimebadilika. Ni kidogo sana, msomaji wangu. Mtu asiyelijua gari letu asingetambua tofauti. Nilimtazama baba Neema, naye alikuwa anaangalia mikono yangu, wala si barabara.

Hasara nayo ipo. Kupaki sasa kunahitaji mikono miwili na nia. Wifi yangu alikuja kuliazima gari, akalirudisha siku hiyohiyo akilalamika kwamba limeharibika. Kariakoo nimekoma kujipaki mwenyewe: tukifika natoka, nasimama pembeni na kikapu changu, na aliyetaka kusikia barabara anaingiza gari huku anatokwa jasho.

Boksi la zamani lipo kabatini, limefungwa ndani ya kanga yangu moja iliyochakaa. Baba Neema ameshapata mteja mara mbili, na mara zote mbili nimekataa. Siku tukiliuza gari, atakayelinunua aambiwe kilichobadilishwa na apewe maboksi yote mawili, achague mwenyewe.