Msomaji wa Kiswahili Mbele ya Kitabu cha Kiingereza: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Mwanafunzi anayetoka Nachingwea au Ruangwa kwenda kuanza masomo ya chuo kikuu aghalabu huwa amekwisha kuzimudu lugha mbili kabla ya kukabiliana na ya tatu. Nyumbani amesikia Kimwera, au pengine Kimakonde, Kiyao ama Kimakua. Shule ya msingi ameisoma kwa Kiswahili. Na tangu kidato cha kwanza karibu vitabu vyake vyote, ukiacha vya somo la Kiswahili, vimekuwa vya Kiingereza. Safari hiyo huelezwa kwa lugha ya upungufu: hajui hiki, hawezi kile. Maelezo hayo hayakosi ukweli, lakini yanaficha jambo la msingi, kwamba mwanafunzi huyo ni msomaji tayari. Swali linalostahili kuulizwa ni kwamba usomaji wake wa Kiswahili huachwa wapi anapofungua kitabu cha Kiingereza.

Upungufu wenyewe haubishaniwi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari kuanzia 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walitoa taarifa iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi walio wengi hakikutosha kusomea masomo mengine. Mradi uliofuata kwa msaada wa Uingereza, tangu 1987, ulipeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi ili wanafunzi wajizoeze kusoma kwa wingi. Katika miaka ya 2010, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol walichunguza shule za vijijini katika mikoa ya Lindi, Morogoro na Dodoma. Waliona kwamba wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hawakuweza kuvisoma vitabu vyao vya kiada kwa kuelewa. Nachingwea na Ruangwa zimo katika mkoa huo wa Lindi.

Mwalimu aliye mbele ya darasa la namna hiyo hufanya linalowezekana: hueleza kwa Kiswahili, kisha huandika muhtasari ubaoni kwa Kiingereza, na wanafunzi hunakili. Hakuna haja ya kumlaumu. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kupita miaka sita ya sekondari akisoma Kiingereza kilichokwisha kutafunwa na mwingine, ambacho kila sentensi yake ni ya kukariri na hakuna hata moja ya kutilia shaka. Chuo kikuu hupewa sura nzima ya kitabu, aisome kwa wiki moja, tena pamoja na nyingine tatu.

Wengi hudhani kwamba kinachomkwamisha hapo ni msamiati. Ni kweli kwa kiasi: utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulikadiria kwamba msomaji anahitaji kuyajua maneno 98 hivi katika kila 100 ili asome bila msaada. Hata hivyo neno geni halina hila, kwa kuwa hujitangaza lenyewe na kamusi ipo. Lenye hila ni neno linalojulikana. Neno la Kiingereza alilolijua kuwa ‘karatasi’ sasa lina maana ya makala ya kitaaluma. Alilolijua kuwa ‘mabishano’ sasa ni hoja. Na alilolijua kuwa ‘fasihi’ linatumika hata na mtaalamu wa udongo, naye hazungumzii tamthiliya bali machapisho ya waliomtangulia. Mwanafunzi halitafuti neno kama hilo katika kamusi, maana haoni sababu ya kulitafuta.

Baada ya neno kuna muundo. Chukua sura inayohusu Mpango wa Karanga, ule ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea na kuachwa mwaka 1951, baada ya kuigharimu Uingereza mamilioni ya paundi. Kiswahili kikisema ‘uwezo wa udongo wa kuhifadhi maji’, msomaji hupewa kichwa cha kirai kwanza, na viunganishi vya umilikishi vinamshika mkono hadi mwisho kwa upatanisho wa ngeli. Kiingereza cha kitaaluma hupanga nomino hizo kinyume: udongo, maji, hifadhi, na uwezo ndio unaofika mwisho, bila kiunganishi chochote katikati. Asiyefundishwa kuanzia mwisho wa kirai atadhani sentensi inahusu udongo. Ni somo la vipindi viwili tu, lakini linawezekana pale tu Kiswahili kinapowekwa ubavuni kwa ulinganishi.

Gumu kuliko yote ni kutambua sauti ya nani inasema. Mwanahistoria anaweza kueleza kwa kirefu matumaini ya wapangaji wa mwaka 1946, waliotazamia kulima ekari zaidi ya milioni 3, kwa nia ya kuonyesha jinsi walivyokosea. Mwanafunzi huyanakili matumaini hayo kama hitimisho la mwanahistoria. Je, hana akili ya kupambanua? Mwambie kwa Kiswahili kwamba eti nchi ile ilikuwa tupu, naye atajua papo hapo kwamba msemaji hakubaliani na maneno hayo. ‘Eti’, ‘ati’ na ‘-dai’ anazo tangu utotoni. Katika Kiingereza cha vitabuni umbali huo hubebwa na kitenzi cha kusema kilichochaguliwa kwa uangalifu, au na kielezi kimoja kilichofichwa katikati ya sentensi. Anachokosa ni kuonyeshwa kwamba kitenzi kile ndicho ‘eti’ yake.

Sura kama hiyo ina faida ya pekee kwa mwanafunzi wa Nachingwea. Huenda amesikia habari za reli iliyotoka Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga na kufungwa mapema katika miaka ya 1960. Anajua msimu wa mvua na rangi ya udongo. Anachokijua kinaziba mapengo ya asichokisoma vizuri, na zaidi ya hayo kinampa haki ya kumpinga mwandishi. Yafaa basi masomo ya stadi za kusoma yaanzie kwenye matini za aina hiyo, si kwenye vifungu vya miji ya mbali.

Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tano anapoingia, japo hakuna aliyemwita. Ufahamu na ufupisho anavifundisha tayari, ila kwa kifungu cha ukurasa mmoja, kwa kuwa mtihani hautaki zaidi. Angeweza kutoa insha ya Kiswahili ya kurasa 20, na kuwataka wanafunzi waandike pambizoni, aya kwa aya, ni nani anayesema na kama mwandishi anakubaliana naye. Vitabu vya kutosha darasa zima vitakosekana, na nakala zitabidi zipokezanwe.