Pumzi ya Mjomba na Hesabu ya Majengo

Viongozi wetu wanapozungumzia afya, aghalabu huhesabu majengo. Kwa mkoa kama Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kulazimika kujenga taasisi zake nyingi upya, hesabu hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo, ipo hesabu nyingine isiyosikika jukwaani: mgonjwa akishaandikiwa kipimo, je, kuna vifaa vya kumwezesha kukihimili?

Kipimo ninachokikusudia ni bronkoskopi. Daktari hupitisha mrija mwembamba wenye kamera puani au mdomoni, akaushusha hadi ndani ya matawi ya mapafu ili aone kilichomo na kuchukua sampuli. Mrija unaopindika, uliobuniwa na Mjapani Shigeto Ikeda katika miaka ya 1960, ulirahisisha kazi hiyo kwa kiasi kikubwa. Lakini mrija huo hupita katika njia ileile ya pumzi na kuibana. Dawa ya kumtuliza mgonjwa nayo huweza kupunguza kasi ya kupumua, na maji yanayomiminwa kuosha sehemu ya pafu huzidi kushusha oksijeni katika damu. Mwenye mapafu mazima huvuka salama. Mwenye mapafu yaliyochakaa anaweza kuishiwa pumzi mezani. Hivyo, mara nyingi anayekihitaji zaidi kipimo hiki ndiye anayeweza kudhurika nacho zaidi.

Nalijua jambo hili kupitia kwa mjomba wangu wa Bariadi. Simiyu huongoza nchini kwa pamba, naye alifanya kazi misimu mingi katika kiwanda cha kuchambua pamba, akivuta vumbi lake. Aliwahi pia kutibiwa kifua kikuu. Kikohozi kiliporejea, hakuweza kutoa makohozi ya kutosha kupimwa, akapewa rufaa nje ya mkoa. Familia iliuza ng'ombe, tukapitia Lamadi hadi Mwanza. Kifaa cha kidoleni kilisoma asilimia 88. Daktari alikataa kuanza, kwa sababu mashine ya kupeleka oksijeni puani kwa kasi kubwa ilikuwa moja tu, na ilikuwa inamhudumia mgonjwa mahututi. Alikuwa na haki ya kukataa, nami nilimheshimu kwa hilo.

Tulisubiri siku 19. Siku zote hizo mjomba alilala kwa jamaa zetu, chumba kimoja na wajukuu wawili. Mashine ilipopatikana, oksijeni yake ilishuka katikati ya kazi. Mrija ukarudishwa nyuma, hewa ikaongezwa, kiwango kikapanda, kazi ikamalizika. Majibu yalisema kifua kikuu kimerudi. Mjomba akaanza dawa, na wajukuu nao wakapelekwa kupimwa.

Siitaji hospitali, kwa sababu tatizo hili halina hospitali moja. Tazama hesabu yenyewe. Mirija ya kawaida ya puani hupeleka lita chache tu kwa dakika, na kwa wengi hutosha. Kwa mgonjwa kama mjomba, mashine ya kasi kubwa huweza kupeleka hadi lita 60 kwa dakika, hewa ikiwa imepashwa joto na kutiwa unyevu. Mtungi mkubwa wenye lita zipatazo 6,800, ukitumika kwa kasi hiyo bila kuchanganywa na hewa ya kawaida, haufikishi saa mbili. Maana yake ni kwamba kununua mashine ni mwanzo tu. Nyuma yake lazima uwepo mtambo wa kuzalisha oksijeni, mabomba ya kuifikisha wodini, umeme usiokatika, na fundi wa vifaa tiba mwenye vipuri. Kimoja kikikosekana, mashine hugeuka pambo.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliitambua oksijeni katika orodha ya dawa muhimu kuwa tiba ya upungufu wa oksijeni mwilini. Mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuongeza upatikanaji wake. Ikiwa ni dawa, basi ihesabiwe kama dawa. Dawa ya malaria ikiisha zahanatini, wananchi hulalamika, diwani huuliza, mganga mkuu hutakiwa kujieleza. Oksijeni ikipungua, mgonjwa huambiwa arudi wiki ijayo, na kurudi huko hakuandikwi popote kuwa ni upungufu.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma mnaosoma hapa mwingize katika taarifa za robo mwaka mambo matatu: siku ambazo oksijeni haikutosha, muda ambao mtambo ulisimama, na vipimo vilivyoahirishwa kwa sababu hiyo. Wanafunzi na wanaharakati, zidaini takwimu hizo katika mikutano ya hadhara kama mnavyodai za madawati na visima. Siku 19 za mjomba hazimo katika taarifa yoyote. Aliyeziandika ni mimi, katika daftari langu la gharama za safari.